Wiki ya mavuno ya Benja: kikundi cha familia, Makorora ya Tanga hadi shambani Hombolo, Dodoma

*JUMANNE*

Benja: Shikamooni wazee wangu. Nimetoka shambani sasa hivi. Nimepima sukari safu zote nane za Makutupora, ile zabibu yetu nyekundu ya mvinyo. Nimechuma punje juu ya mche, chini, upande wa jua na upande wa kivuli. Kipimo cha kioo kinasoma 20, yaani kama gramu 20 za sukari kwa kila gramu 100 za maji ya zabibu. Jumamosi kilikuwa 19.

Mama: Marahaba mwanangu, umeamkaje? 20 ndiyo nzuri au bado?

Benja: Nimeamka salama mama. Bado kidogo, naitaka 22. Zabibu nyekundu ikivunwa sukari ikiwa ndogo, mvinyo unatoka mwepesi na mkali kama ndimu, na haukai. Kwa 22 tunapata kilevi cha asilimia 12 hivi, unatulia tangini mpaka Krismasi.

Flora: Basi si uzingoje siku tatu nne, tatizo nini?

Benja: Wingu. Tangu jana limejikusanya. Huku si kama Tanga dada, msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, kisha kukavu. Lakini ikinyesha zabibu ikishaiva, mche unakunywa maji, punje zinavimba, nyingine zinapasuka. Sukari inashuka, halafu ukungu unaingia kwenye vichala.

Mjomba Saidi: Assalam aleikum. Benja, majani yakoje? Yana unga mweupe?

Benja: Waaleikum salaam, shikamoo mjomba. Upo kidogo safu ya mwisho, ile ya bondeni. Ubwiri unga.

Mjomba Saidi: Marahaba. Ubwiri unga ndio unaotumalizia maua ya mikorosho huku Mkinga. Piga salfa mapema kabla jua halijawa kali.

Benja: Sasa hivi siwezi tena mjomba. Salfa niliacha kupiga mwezi uliopita. Ikibaki kwenye ganda mpaka siku ya kuponda inaingia tangini, hamira inaibadilisha, na mvinyo unanuka mayai viza. Nimeona jirani akimwaga tangi zima kwa ajili hiyo.

Mjomba Saidi: Hilo sikulijua. Mie mvinyo sinywi wala sitii mkono kwenye biashara yake, wote mnajua, nilichangia pampu ya maji ya shamba la shemeji yangu. Ila mti nauelewa. Punguza majani yanayoziba vichala upande wa asubuhi, upepo upite. Upande wa alasiri uache kivuli, jua la huko litazibabua.

Benja: Nafanya leo leo mjomba. Asante sana.

Shangazi Tekla: Mimi naogopa ya mwaka jana. Nilikuwepo. Mnunuzi kasema Jumatatu analeta lori. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, Alhamisi simu haipokelewi. Zabibu zinadondoka zenyewe, nyuki wamejaa, ukipita kati ya safu viatu vinanata. Miche ambayo kaka yangu aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja, baada ya kwenda kuiona ya mapadri kule Bihawana. Nililia mchana kweupe.

Flora: Ndiyo maana tumejichanga tukanunua matangi, shangazi. Safari hii hatumngoji mtu.

Shangazi Tekla: Na ni hapo moyo wangu ulipo. Huku Muheza kila msimu naona machungwa yamerundikwa kando ya barabara yanaoza, kwa sababu chungwa halina pa kwenda ila kwenye lori la mnunuzi. Akija amechelewa, bei anapanga yeye. Mwenye zabibu akikamua mwenyewe anapata miezi ya kufikiri. Mwenye chungwa ana siku.

Joji: Kaka, hizi zikiharibika si kuna mavuno mengine Agosti?

Benja: Yapo. Mzabibu wa Dodoma haulali, hakuna baridi ya kuulaza kama Ulaya, kwa hiyo tunavuna mara mbili. Ukishavuna unaupumzisha, unaukatia, baada ya miezi kama minne unavuna tena. Ya Agosti na Septemba sukari inapanda vizuri kwa kuwa ni kiangazi. Lakini deni la matangi linalipwa na haya ya sasa Joji.

*ALHAMISI*

Benja: Imenyesha jana usiku. Nusu saa hivi. Sikulala.

Mama: Ee Mungu. Zimeharibika?

Benja: Nimezunguka na tochi saa kumi, nikarudi tena kulipokucha. Zilizopasuka ni chache, nyingi safu ya bondeni. Upepo umevuma tangu alfajiri, vichala vimekauka. Sukari 20 na nusu. Wingu la leo ni zito kuliko la jana, limeziba mlima wote.

Flora: Wengine huko wanafanyaje?

Benja: Wawili wamevuna jana mchana wakiwa na 18. Mmoja anasema anangoja mpaka wiki ijayo.

Mama: Baba yako alikuwa hapimi kwa kioo. Alikuwa anatafuna mbegu.

Benja: Hebu sema mama.

Mama: Anaitema mkononi, anaiangalia. Ikiwa kijani, anasema bado. Ikiwa kahawia na inakatika jinoni kama karanga ya kukaanga, anasema tayari, hata kama bado siku mbili za sukari. Mimi nilikuwa namwona tu, simwulizi.

Benja: Narudi shambani.

Benja: Nimetafuna za safu zote nane. Kahawia. Zinakatika. Ganda nalo likisuguliwa linaacha rangi kwenye vidole, haitoki. Nimeita wakataji kumi na wawili, kesho saa kumi na moja alfajiri tunaanza. Siingoji 22.

Mjomba Saidi: Umeamua vizuri. Mwenyezi Mungu akuzuilie hiyo mvua mpaka mmalize.

Shangazi Tekla: Amina. Zile zilizopasuka zitengwe, Benja, zisiingie na nyingine hata moja.

Benja: Zitatengwa shangazi. Nimeweka kreti nyekundu kwa ajili yake.

*IJUMAA*

Benja: [picha] Tumemaliza saa tatu asubuhi, kabla hazijapata joto. Kreti 94, kila moja kilo 20. Ile safu ya bondeni imetoa kreti sita tu safi.

Flora: Hiyo ni kilo 1,880! Litakuwa lita ngapi?

Benja: Kilo moja inatoa kama theluthi mbili za lita ukishaondoa makapi. Tuseme lita 1,200 na kitu. Mvua imeanza saa nane, sisi tuko ndani tunaponda.

Mama: Asante Yesu. Wakataji wamekula?

Benja: Wamekula wali maharage mama, na kila mmoja amebeba zabibu za watoto. Mjomba, kreti mbili nazipakia basi la kesho, za kula, ni zako na watoto wa madrasa.

Mjomba Saidi: Mola akuzidishie mwanangu. Nitazifuata mwenyewe stendi.

*JUMATATU*

Benja: [sauti, sekunde 40] Sikilizeni. Ni tangi la pili. Limeanza kuchacha jana usiku.

Joji: Kaka linanguruma kabisa!

Benja: Makapi yanapanda juu yanakuwa kama kofia nzito, nayazamisha kwa mti mara tatu kwa siku, rangi na ladha vimo humo kwenye ganda. Siku nane hivi, kisha nakamua. Rangi yake leo ni kama maji ya rosela yaliyokolea.

Shangazi Tekla: Babu yenu alikuwa mgema kule Pangani. Tembo la asubuhi likifika kesho yake lishakuwa kali, kesho kutwa ni siki. Hili lako la kukaa miezi tisa linanitia hofu.

Benja: Sasa hivi linajilinda shangazi, hewa linayoitoa inasukuma ile ya nje. Hatari ya siki ni likishatulia. Hapo nitalijaza tangi mpaka shingoni na kulifunga.

Mama: Hiyo hewa linayoitoa si ndiyo ile iliyozima mshumaa wa baba yako mle ndani?

Benja: Ndiyo hiyo mama. Inakaa chini, haina harufu.

Mama: Mlango umeuacha wazi?

Benja: Uko wazi. Na dirisha.

Mama: Na usilale humo.

Benja: Silali humo mama. Nimetandika barazani.