Pango gani Jumamosi: Mangapwani, Kuumbi au la kuogelea?

Mkaazi_wa_Bububu
Assalaam alaykum. Nina wageni, nataka kuwatembeza pango moja Jumamosi ijayo. Yamebaki matatu hapa Unguja: Mangapwani kule kaskazini, Kuumbi kule Jambiani kusini, au moja kati ya haya ya kuogelea, Kuza ama Maalum. Mwenye gari anataka jibu kesho jioni kwa sababu bei ya kaskazini na ya kusini si moja. Lipi bora?

Popobawa_Mstaafu
Kuza. Maliza mjadala.

Mtu_wa_Maweni
Bora kwa nani? Hukusema wangapi, umri gani, wanaojua kuogelea ni nani, wanalala wapi, wala kama ni wa nje au ni watu wetu. Jaza hayo kwanza.

Na jua kuwa hayo si vitu vya aina moja. Mangapwani ni pango la jiwe la tumbawe, unashuka kwa ngazi mpaka kwenye maji baridi waliyokuwa wakichota wenyeji. Fupi, nusu saa umemaliza, na chini mtu mrefu huinama. Kuumbi ni pango kubwa la kutembea, dari yake imeporomoka baadhi ya sehemu kwa hiyo jua linaingia, na ndilo lenye historia ndefu kuliko yote kisiwani. Kuza na Maalum ni maji: unaoga, unaingia, unatoka. Anayetaka kuona pango hatatosheka na dimbwi, na aliyeahidiwa kuogelea atanuna Kuumbi kutwa nzima.

Bi_Chake
Na Pemba je? Kila siku Unguja, Unguja. Kisiwa cha Misali kina mapango na miamba ya matumbawe ya kupiga mbizi hapohapo. Unaondokea Wesha kwa boti.

Mkaazi_wa_Bububu
Bi Chake, boti ya Pemba kwa siku moja haiwezekani.
Tupo kumi na mmoja. Baadhi wanaogelea.

Mtu_wa_Maweni
"Baadhi" ndiyo hesabu gani, yakhe? Watano? Wawili? Na umri?

Mpiga_Mbizi
Wakati anatafuta hesabu zake, haya ndiyo ya kujua kwa anayekwenda kwenye mapango ya maji.

Usipake mafuta wala losheni ya jua asubuhi hiyo. Maji ya pango hayana mkondo wa kuyabadilisha haraka, mafuta hukaa juu na kufanya utando. Ndiyo maana unaambiwa uoge kwanza. Anayeogopa jua avae fulana ya mikono mirefu.

Pili, maboya. Watoto wavalishwe kabla ya kushuka ngazi, si wakishafika ukingoni. Ukingo huteleza, na macho yaliyotoka juani yanataka dakika mbili tatu kuzoea kiza.

Tatu, usiruke. Kina hubadilika na jiwe chini ya maji halionekani vizuri hata maji yakiwa maangavu. Maji maangavu ndiyo yanayodanganya zaidi: mita tatu unaiona kama mbili na robo.

Na pigeni simu kabla. Yapo yanayoingiza watu kwa zamu; ukifika na watu kumi na mmoja bila miadi mtakaa nje juani.

Popobawa_Mstaafu
Kina kibadilike kwa nini? Maji ya pangoni ni ya mvua, hayajui bahari.

Mpiga_Mbizi
Yanaijua sana. Unguja ya mashariki na kusini ni jiwe la tumbawe lenye vitundu kila mahali. Mvua inapita mote humo, haikai juu, ndiyo maana huoni mito kule. Ikifika chini inaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji baridi ni mepesi kidogo. Bahari ikijaa inayasukuma maji ya chumvi kupitia vitundu hivyohivyo, na yale baridi yaliyo juu yanapanda. Bahari ikipwa, yanashuka. Pangoni kupanda huko ni kudogo kuliko pwani na huchelewa, na kadiri unavyokuwa mbali na ufuko ndivyo kunavyochelewa na kupungua. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, hapa kwetu hufika tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya hapo inatosha kulifunika jiwe ulilolikanyaga jana.

Tazama mwezi. Siku zinazofuata mwandamo, na zinazofuata mwezi mpevu, ni bamvua. Katikati yake ni maji mafu, bahari haijai wala kupwa sana, na kina hakichezi sana.

Maalim_wa_Skuli
Mbali na maji, kinachoharibu safari za mapango ni msongamano. Upo msafara mmoja wa skuli, pango na skuli sivitaji. Watoto 34, walimu wawili, mtembezaji mmoja, tochi mbili na simu za wakubwa. Mtembezaji akatangulia. Alipofika chini akaanza kueleza, na walio nyuma bado wako kwenye ngazi ya kumi, hawasikii kitu. Wasiosikia husogea mbele. Wakasogea. Wa mbele wakabanwa kwenye ukingo wa maji, mmoja amevaa ndara, ndara ikashika utelezi, mguu ukapita kwenye jiwe. Tumbawe linachana kama msumeno: mundi ulifunguka kiasi cha kidole, na ndani ya jeraha kukabaki chenga za jiwe.

Hapo ndipo makosa yote yakaonekana kwa pamoja. Mfuko wa huduma ya kwanza uko garini. Mwalimu wa pili naye yuko chini, hakuna mkubwa hata mmoja mlangoni. Ngazi inapitisha mtu mmoja, kwa hiyo ili mtoto atoke ilibidi watoke kwanza wote walio nyuma yake, mmojammoja, kwa kiza, wengine wameanza kulia. Karibu nusu saa. Na simu zilizokuwa zikimulika zilipohitajika kupiga zilikuwa na chaji ya mwishomwisho. Jeraha halikuoshwa mpaka wanafika kituo cha afya, likaota usaha.

Dawa yake ni rahisi. Vikundi vya watu wanane hadi kumi, kimoja ndani, kingine juu kivulini. Mkubwa mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja mlangoni. Maelezo yatolewe juu, kabla ya kushuka. Chini ni kuonesha kwa tochi tu. Viatu vya raba vilivyofungwa. Mfuko wa huduma ya kwanza uwe mgongoni kwa yule wa nyuma: shashi, bandeji, chupa ya maji safi ya lita moja na sabuni. Jeraha la tumbawe huoshwa palepale, chenga zitoke zote, halafu ndiyo lifungwe.

Mkaazi_wa_Bububu
Shukran Maalim. Niongeze: kuna mtoto wa miaka minne, na mama mkubwa ana magoti.

Mtu_wa_Maweni
Haya! Hilo ndilo ungeanza nalo. Mama mwenye magoti Mangapwani atashuka, kupanda ndiko kutakuwa kazi. Kuumbi njia yenyewe ni mawe makali na pango liko zaidi ya kilomita mbili kutoka ufukweni, gari lifike karibu iwezekanavyo.

Popobawa_Mstaafu
Mpeleke Mangapwani, mama akae juu, wengine washuke. Halafu mkaone pango la watumwa.

Mwana_wa_Kale
Hapo pana mchanganyo ambao watembezaji wengi wanauendeleza. Kuna pango la tumbawe, na kuna chumba cha watumwa. Ni mahali pawili, kilomita kama mbili baina yao. Pango ni la maumbile. Masimulizi ya wenyeji yanasema liligunduliwa na mtoto mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea, akasikia sauti chini. Chumba kimechongwa na watu ndani ya jiwe na kuezekwa, unashuka kwa ngazi, na kinahusishwa na miaka ya baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, biashara ilipogeuka ya magendo. Ukiambiwa pangoni "hapa walifichwa mamia", uliza anazungumzia kipi.

Na mlipie kiingilio mnapopewa risiti. Papasi wa mlangoni anayesema "nipe mimi, nitawapitisha" mwambieni ahsante.

Bi_Chake
Kuumbi ndiyo historia basi. Wanasema watu walikuwa wakifuga kuku mle maelfu ya miaka.

Mwana_wa_Kale
Taratibu na hao kuku. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia, alichimba Kuumbi 2005 na akatangaza mifupa ya wanyama wa kufugwa katika tabaka za kale. Timu ya mradi wa Sealinks, wanaakiolojia wengine, ikachimba tena 2012, ikapima upya, na haikuona mfugo katika tabaka hizo za zamani. Kwa hiyo mtembezaji akiwaambia kuku wa miaka elfu tano, ajue wanaobisha wapo na wana mifupa mkononi.

Ambacho hakibishaniwi ni kizuri zaidi: watu wa zana za mawe, vichwa vya mishale vya mfupa, na mifupa ya punda milia na nyati. Leo Unguja huna punda milia. Walifika kwa miguu, kwa sababu wakati wa barafu kuu bahari ilikuwa chini kiasi cha mita 120 na Unguja ilikuwa ni ncha ya bara. Ilijitenga kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita, bahari ilipopanda.

Bi_Chake
Na Pemba?

Mwana_wa_Kale
Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Bahari kushuka 120 hakuufungi. Pemba ilibaki kisiwa.

Bi_Chake
Ndiyo maana tuna popo wetu peke yetu. Waje wawaone, wanajaa mapangoni.

Mwana_wa_Kale
Popo wa Pemba halali pangoni, dada. Yule mkubwa analala mitini, nenda Kidike uone wanavyoning'inia mchana kweupe. Wa mapangoni ni wengine, wadogo.

Maalim_wa_Skuli
Na hao wadogo msiwamulike usoni wala kuwapigia picha kwa mwanga wa ghafla. Wakiruka wote kwa pamoja, vumbi la kinyesi linapanda, na vumbi hilo huweza kuwa na kuvu wanaoingia mapafuni. Mwenye pumu avae barakoa au abaki juu. Popo aliyeanguka haokotwi, hata akiwa mfu.

Mpiga_Mbizi
Jingine. Mkikuta vitambaa vyekundu au vyeupe, ubani, vigae vyenye majivu, msiguse wala msisogeze ili picha itoke vizuri. Mapango mengi ya kusini ni mizimu pia, mahali pa matambiko, na wenyewe wapo.

Popobawa_Mstaafu
Hiyo ni shirki, tunaitangaza ya nini?

Mpiga_Mbizi
Sikusema uombe. Nimesema usiguse kitu cha mtu.

Popobawa_Mstaafu
Ukiwapeleka wageni wakaone, umekitukuza.

Maalim_wa_Skuli
Mna uzi wenu kule kwenye dini. Hapa mtu ana gari la kujibu kesho.

Mkaazi_wa_Bububu
Nimezungumza na mwenye gari. Kusini anataka karibu mara mbili. Lakini vijana wanataka kuogelea, wameshaona picha.

Mtu_wa_Maweni
Vijana wangapi? Bado hujasema! Wakiwa wanne na wanajua kuogelea, kusini kunalipa: Kuumbi saa tatu asubuhi kabla jua halijakaza, halafu Kuza saa sita, jua likiwa utosini ndipo mwanga unaposhuka kwenye maji. Vyote viko Jambiani. Mama na mtoto wakae ufukweni. Wakiwa wawili tu, wapandishe daladala ya 309 kivyao na wengine waende Mangapwani kwa 102, usikodi kitu.

Mpiga_Mbizi
Mimi ningeacha Kuumbi kwa mtoto wa miaka minne. Anabebwa, na aliyebeba hana mkono wa kushikia.

Mwana_wa_Kale
Ningeacha Kuza. Dimbwi wanalo kila hoteli.

Mpiga_Mbizi
Dimbwi la hoteli lenye mawe yaliyoning'inia juu? Kila tone la mvua linalopita kwenye jiwe lile linayeyusha chokaa kidogo na kuiacha kwenye ncha likidondoka. Wakiweka kiganja chini wakangoja tone, wameelewa pango kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Wasishike ncha zenyewe tu. Mafuta ya mkono yanazuia chokaa kushika na pale panakuwa peusi.

Mkaazi_wa_Bububu
Na tochi? Za simu hazitoshi?

Maalim_wa_Skuli
Hazitoshi. Tochi ya kichwani moja kwa kila watu wawili, na wa mbele na wa nyuma kila mmoja awe na ya akiba. Mikono miwili iwe huru kwenye ngazi. Mwanga wa lumeni 200 unatosha. Zile za mwanga mkali sana zinampofua aliye mbele yako akigeuka.

Popobawa_Mstaafu
Nunueni za betri ndogo za AAA, Darajani zimejaa. Za chaji zikizima pangoni hakuna umeme.

Mpiga_Mbizi
AAA za rejareja nyingi zimekaa dukani mpaka zimevuja. Ya chaji uijaze usiku, uizime garini isijiwashe ndani ya mkoba, inamaliza siku nzima.

Popobawa_Mstaafu
Ukinunua pakiti iliyofungwa yenye tarehe haivuji.

Bi_Chake
Hizo za kichwani Chake bei gani sasa? Kuna anayejua duka? Nataka sita, za kwenda Misali.