Mjadala: Mchezaji ni yule yule, mbona timu za NFL zinampa alama tofauti?

Mwanzisha mada: Wakuu, kabla ya kila drafti ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), yaani zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, timu zote 32 hutazama video zile zile za mechi za vyuo na kupokea vipimo vile vile vya kambi ya majaribio ya Indianapolis: mbio za yadi 40, miruko, uzito, urefu wa mikono. Bado mchezaji mmoja timu hii inamweka raundi ya kwanza, ile raundi ya nne. Msimamo wangu: sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni makosa, wanayaita falsafa. Mwaka 2000 Tom Brady, mrushaji aliyekuja kuwa miongoni mwa bora zaidi katika historia, alichaguliwa wa 199. Hata New England, timu iliyomchagua, walichukua wengine sita kabla yake.

Mchangiaji wa kwanza: Sikubaliani, mkuu. Timu haitafuti mchezaji bora kwa jumla, inatafuta anayeiweza kazi yake. Kwenye ulinzi wa 3-4 (watatu mstari wa mbele, wanne nyuma yao), mtu wa katikati anahitaji uzito, mara nyingi paundi 320 na zaidi, azuie wawili peke yake ili walio nyuma yake wabaki huru. Kwenye 4-3 (wanne mbele, watatu nyuma yao), wa ndani anatakiwa apenye mwanya mmoja haraka. Timu ya Seattle chini ya kocha Pete Carroll ilitaka wakabaji wa pembeni wenye mikono ya inchi 32, kwa sababu waliwabana wapokeaji tangu mstarini. Richard Sherman, mkabaji wa pembeni aliyekuja kung'ara, walimpata raundi ya tano, 2011. Timu inayokaba kwa mbali, macho kwa mrushaji, inatafuta wepesi wa kugeuka. Alama mbili, na zote sahihi.

Mwanzisha mada: Basi nieleze Aaron Donald, mlinzi wa ndani wa mstari wa mbele. 2014 alionekana mdogo kwa nafasi yake, paundi 285 hivi, akachukuliwa wa 13. Timu yake, Rams, walipohamia 3-4 mwaka 2017, mfumo ambao kwa hoja yako haukumfaa, mwaka huo huo akawa mlinzi bora wa ligi. Akarudia 2018 na 2020. Kigezo kikishakuwa sheria kinafukuza vipaji.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana juu ya falsafa, wakati mengi huharibika kwenye mchakato wenyewe. Skauti wa kanda, yaani mtafuta vipaji wa eneo fulani, huandika ripoti tangu msimu wa vyuo, msimamizi wake anahakiki, kisha baada ya msimu makocha wanaingia. Hapo ndipo kocha aliyetazama video wiki tatu anampindua skauti aliyemfuatilia kijana miaka miwili. Pia maskauti hawatumii mizani moja: mmoja ni mkarimu, mwingine mbahili, na alama zao zikipangwa pamoja bila kusawazishwa, kanda ya yule mkarimu inajaa juu ya ubao wa timu wa kupanga wachezaji.

Halafu kuna madaktari, na hili watazamaji hulisahau mno. Goti lile lile, daktari wa timu moja anasema litadumu miaka mitatu, anamfuta kabisa. Wa timu nyingine anampitisha. Nje sisi tunadhani wameona kasoro ya uchezaji.

Tena, alama si zamu ya kuchaguliwa. Jedwali la thamani ya zamu la Jimmy Johnson, aliyekuwa kocha wa Dallas, la mwanzo wa miaka ya 90, linaipa zamu ya 1 pointi 3,000 na ya 32 pointi 590. Unayemweka wa 20 ukiamini atabaki hadi zamu ya 60, unasubiri. Kwa hiyo Brady kuwa wa 199 hakutuambii kila timu ilimwandikia alama gani.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo kwenye mizani nakuunga mkono. Ila tazama 2018: mrushaji Josh Allen alikuwa akifikisha pasi 56 tu kati ya 100 chuoni Wyoming, Buffalo wakamchukua wa 7. Lamar Jackson, mrushaji mwenye mbio, akasubiri hadi wa 32, na Baltimore wakajenga mashambulizi kuzunguka miguu yake. Timu isiyo tayari kubadili mfumo ilikuwa na haki ya kumshusha.

Mwanzisha mada: Haki ya kumshusha, sawa, ikiwa sababu iliandikwa kabla ya drafti. Timu ihifadhi alama ya skauti, ya kocha na ya daktari kila moja peke yake, ifungue baada ya misimu mitatu. Zikichanganywa kuwa namba moja, nani atajua aliyekosea ni yupi?