Vyuo vikuu vya binafsi: tudai nini kwanza mbele ya serikali, na nani azungumze?

Mwalimu wa Kampemba, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninafundisha katika chuo kikuu cha binafsi hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Tumeanza kukutana, walimu wa vyuo vichache pamoja na baadhi ya viongozi wetu, ili kuandaa maombi ya pamoja ya kurekebisha sera inayohusu vyuo vya aina yetu. Sote tunakubali kwamba hali ya sasa haifai kuendelea, lakini tunagawanyika kila tunapouliza ni jambo gani litangulie.

Kundi la kwanza linataka tuombe fedha. Linasema kwamba mzazi anayempeleka mtoto wake katika chuo cha binafsi hulipa kodi kama mzazi mwingine yeyote, na kwamba mhandisi au muuguzi anayetoka kwetu huitumikia nchi ile ile, kwa hiyo haki inadai kuwepo msaada wa masomo, au angalau mkopo, unaomfuata mwanafunzi popote alipoandikishwa. Kundi la pili, ambalo mimi naliegemea, linataka kwanza utaratibu ulio wazi. Chuo cha binafsi huanza kwa ruhusa ya muda inayotolewa kwa amri ya waziri, kisha husubiri kibali kamili. Vipo vilivyokipata mwaka 2006, na vipo vinavyoendelea kungoja bila kuandikiwa hata mara moja kwamba vimepungukiwa nini. Wakaguzi wanakuja, wanaondoka, na ripoti yao hatuioni.

Mikutano mikuu ya elimu ya juu ilifanyika katika mji wetu huu Septemba 2021, na kutokana nayo mfumo wa LMD (Lisansi, Masta, Doktora) ukatangazwa kwa nchi nzima kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022. Sipingi mageuzi hayo. Ila kutoka mfumo wa zamani, wa miaka mitatu ya graduati (shahada ya kwanza) na miwili ya lisansi juu yake, kwenda lisansi ya miaka mitatu yenye kredi 180, na masta ya miaka miwili juu yake, si kubadili majina tu. Ni kuandika upya kila somo, kutafuta vitabu, kuweka maabara na mtandao. Sisi tuliibeba kazi hiyo kwa minervali, yaani karo, ya wanafunzi.

Naomba ushauri wenu. Tutangulize nini? Na barua ikiandikwa, iwe na saini za nani: wamiliki wa vyuo, walimu, au wanafunzi na wazazi wao?

Mwanasheria wa Bukavu

Mwalimu, salamu kutoka Kivu Kusini. Nitajibu upande wa sheria, kwa sababu naona watu wengi wanatafuta mlango ulio mbali na kuupita ulio karibu.

Katiba ya 2006, ibara ya 45, inasema kwamba elimu ni huru nchini Kongo, lakini iko chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma kwa masharti yanayowekwa na sheria. Shikeni sehemu zote mbili. Mkienda na uhuru peke yake, wizara itawajibu kwa usimamizi, na itakuwa na haki. Maombi yenu yawe haya: usimamizi ufanyike kweli kweli kwa masharti yaliyoandikwa katika sheria, hasa Sheria-mfumo namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa, na si kwa masharti yanayojulikana na afisa mmoja mezani pake.

Kuhusu nani azungumze, nimesikia kwamba baadhi yenu wanataka kwanza kuunda jumuiya ya vyuo vya binafsi, kisha jumuiya hiyo ndiyo ipeleke madai. Jumuiya ni jambo jema, lakini tazameni Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu jumuiya zisizo za faida. Hadhi ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria baada ya maoni mazuri ya waziri anayehusika na sekta hiyo. Kwenu ninyi waziri huyo ni wa elimu ya juu, yule yule mnayetaka kumwandikia. Sisemi kwamba atakataa. Nasema msiyafunge madai yenu kwenye karatasi inayopitia mikononi mwake.

Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo hujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya kuanzisha ombi la aina hiyo. Haidai jumuiya wala muhuri. Mwalimu, mwanafunzi na mama wa mwanafunzi wanaweza kutia saini karatasi moja.

Msisahau pia kalenda. Kikao cha kwanza cha Bunge hufunguliwa tarehe 15 Machi, cha pili tarehe 15 Septemba, na hiki cha pili ndicho cha bajeti. Mswada wa bajeti unatakiwa kufika Bungeni kabla au ifikapo tarehe 15 Septemba, kwa hiyo anayeleta ombi la fedha mwezi Oktoba amekuta mafungu yamekwisha kugawanywa. Marekebisho ya sheria hayahitaji kungoja serikali peke yake, maana ibara ya 130 inampa kila mbunge na kila seneta haki ya kupendekeza sheria.

Neno moja la historia, kwa sababu linaeleza hofu ninayoiona kwa wamiliki wengi. Watu huzungumza kana kwamba vyuo vya binafsi vilizuka juzi. Chuo kikuu cha Lovanium cha Wakatoliki kilianza 1954, na Waprotestanti walifungua chuo chao Kisangani 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyote na kile cha Lubumbashi kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na makanisa yakapoteza kile yalichokijenga. Mlango ulifunguliwa tena 1989, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza. Mmiliki anayesita kupokea fedha za serikali anakumbuka kwamba mkono wa serikali ukiingia huweza kuchukua nyumba nzima. Hofu hiyo ina mizizi, nanyi mnapaswa kuizungumzia waziwazi katika mikutano yenu.

Mama wa Katuba

Mwalimu, na wewe ndugu mwanasheria, nawashukuru. Mimi si mtu wa sheria. Ni mzazi niliyesomesha watoto katika vyuo vya binafsi. Ningependa mtu aniulize mimi kabla ya kuandika barua kwa jina langu.

Mtoto wangu mkubwa alimaliza masomo yake katika chuo ambacho sitakitaja. Alilipa kila kitu na kutetea kazi yake ya mwisho, lakini diploma ikakaa muda mrefu ikingoja kuthibitishwa Kinshasa. Kila tulipouliza, chuo kilisema faili liko wizarani, na huko wizarani tuliambiwa chuo hakijakamilisha orodha zake. Kijana aliitwa kazini katika kampuni ya migodi, akaombwa diploma iliyothibitishwa, hakuwa nayo, nafasi ikaenda kwa mwingine. Hadi leo sijui nani alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha niliyolipa.

Kwa hiyo nawaambia walimu: mimi sitatia saini barua inayoanza kwa kuomba fedha kwa ajili ya vyuo. Nitatia saini barua inayodai mambo ambayo mzazi wa Katuba au wa Kenya, manispaa zetu za hapa Lubumbashi, anaweza kuyashika mkononi. Kabla ya uandikishaji wa kila mwaka, wizara itangaze orodha ya vyuo pamoja na fani zake, fani kwa fani, ikionyesha chenye kibali kamili, chenye ruhusa ya muda na kisicho na kitu. Chuo kinaweza kuwa na haki ya kufundisha uchumi lakini kisiwe na haki ya kufundisha udaktari wa tiba, na mzazi hawezi kulijua hilo kwa kutazama ubao wa rangi ulioko langoni. Tena, diploma iwe na muda wa mwisho wa kuthibitishwa, na faili likirudishwa, mwanafunzi mwenyewe apewe sababu kwa maandishi. Na chuo kikifungwa, ijulikane mapema wanafunzi wanaenda wapi na matokeo yao yanahifadhiwa na nani, kwa sababu adhabu ya kufunga chuo humwangukia mtoto ambaye hakukosea lolote, huku aliyekula minervali akienda kufungua kingine chini ya jina jingine.

Nanyi vyuo vyenyewe muanze kujisafisha. Bandikeni karo yote ubaoni mwezi wa kwanza, si kuongeza ada ya hiki na kile katikati ya mwaka, mtihani ukiwa umekaribia. Mkifanya hivyo, wazazi tutakuja nanyi hadi kwa gavana.

Mhasibu, Ruashi

Nakubaliana na mama kwa sehemu kubwa, lakini msiitupe hoja ya fedha, kwa sababu ubora tunaoudai una gharama na kwa sasa unalipwa na mtu mmoja tu, yaani mzazi. Mimi hushughulikia hesabu za chuo cha binafsi. Minervali inapoingia, sehemu kubwa huenda kwenye mishahara na kwa maprofesa wageni, wengi wao wakiwa walimu wa vyuo vya serikali, ambao tunawalipia usafiri, malazi na saa za kufundisha. Kinachobaki kwa maktaba na maabara ni kidogo. Bei ya shaba ikishuka na wakandarasi wa migodi wakipunguza watu, sisi tunaliona jambo hilo kwenye daftari la malipo kabla halijasemwa redioni.

Swali ni fedha ipite njia gani. Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sheria ya 2004, na mikopo hiyo huwafikia hata wanafunzi wa vyuo vya binafsi vinavyotambuliwa. Huko kuna pia Tume ya Vyuo Vikuu inayochapisha kila mwaka mwongozo wa udahili wenye programu zilizoidhinishwa, jambo ambalo mama analiomba. Nchi ya Kenya ilichukua njia nyingine: kuanzia 2016 serikali iliwapeleka wanafunzi wake katika vyuo vya binafsi na kuahidi kuvilipa vyuo hivyo. Vyuo vilipata wanafunzi, lakini vikalalamika kwa miaka kwamba malipo yanachelewa na deni linalimbikizwa, hadi mfumo ulipobadilishwa 2023 na mwanafunzi wa chuo cha binafsi akabaki na mkopo tu. Kwa maoni yangu serikali yetu, ambayo walimu wake wenyewe hugoma mara kwa mara kwa sababu ya malipo, isiwe mdaiwa wa vyuo vyetu. Fedha imfuate mwanafunzi.

Na kabla ya kutazama Kinshasa, tazameni hapa jimboni kwetu Haut-Katanga. Kwa Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018, asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mji, manispaa au sekta ambako madini yanachimbwa. Viwango vya elimu vinawekwa na serikali kuu, hilo sote tunalijua, lakini sijaona kitu kinachomkataza gavana na Bunge la Jimbo kutenga sehemu ya fedha hiyo kwa mfuko mdogo wa kusomesha vijana wa Haut-Katanga, wa vyuo vya umma na vya binafsi pamoja, kwa mashindano yaliyo wazi. Mfuko huo uhusishe tu vyuo vyenye kibali na vinavyokubali hesabu zao zikaguliwe na mtu wa nje. Hapo fedha na utaratibu vinakwenda pamoja.

Mwanafunzi, masta wa kwanza

Naongeza jambo fupi. Walimu wetu vijana, maasistenti, hawana njia ya kupanda cheo inayotambulika sawa na ya wenzao wa vyuo vya umma, na wengi hukosa muda wa kuandika tasnifu ya udaktari kwa sababu hufundisha katika vyuo vitatu ili wapate kula. LMD inatutaka tufanye utafiti, nao wanaotuongoza hawana nafasi ya kuufanya. Naomba hili liingie katika barua.

Mwalimu wa Kampemba, Lubumbashi

Mama wa Katuba, maneno yako nimeyasoma mbele ya wenzangu na yamebadilisha mpangilio wa barua yetu. Uthibitisho wa diploma utatangulia, pamoja na orodha ya fani na ulinzi wa wanafunzi wa chuo kinachofungwa. Kisha itafuata haki ya chuo kupata ripoti ya ukaguzi na sababu za maandishi, halafu njia ya maasistenti. Fedha tumeitenga katika barua ya pili, kwa gavana na Bunge la Jimbo, kama mhasibu alivyoshauri. Wamiliki wawili wamekataa kutia saini kwa sababu ya kifungu cha ukaguzi wa hesabu. Tumeamua kifungu kibaki na tuendelee bila wao.

Limebaki jambo moja, ndugu mwanasheria: barua ya kwanza ipelekwe kwa waziri peke yake?

Mwanasheria wa Bukavu

Anayepaswa kujibu awe mmoja, yaani waziri, ili asiweze kusema kwamba jibu ni kazi ya mwingine. Nakala zipelekwe kwa Waziri Mkuu, kwa kamisheni ya Bunge inayoshughulikia masuala ya jamii na utamaduni, na kwa wabunge wa Lubumbashi. Itajeni ibara ya 27 katika mstari wa kwanza. Pelekeni barua kwa mkono huko Kinshasa, na aliyeipeleka asiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa sababu bila tarehe hiyo hamtaweza kuonyesha kwamba miezi mitatu imepita. Wazazi na wanafunzi waandike majina yao kamili na chuo kinachowahusu, kila mmoja kwa mkono wake. Nitumieni rasimu kabla ya kuisaini. Nitaisoma bila malipo.