"Fungua" yetu ni moja, Kiingereza wana mangapi? Naombeni msaada

BintiPangani
Habari zenu wapendwa. Nina miezi saba Uingereza, nahudumia wazee kwenye makao ya wazee. Kazi naipenda. Kinachonitesa ni neno moja tu: kufungua.

Juzi asubuhi nilikuwa namwandaa mzee mmoja akaoge. Ana miaka 91 na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo kila ninachotaka kufanya namwambia kwanza, ndipo namgusa. Nikamwambia, "I am opening your buttons." Akauliza nafungua nini. Nikarudia. Akaishika kola ya pajama kwa mikono miwili, akakataa kuiachia. Mwenzangu akaingia, akasema taratibu, "Let's undo your buttons", na mzee akaachia palepale. Niliumia sana. Kusahihishwa si tatizo. Kilichoniuma ni kwamba aliniogopa, na mikono yangu anaijua.

Kwetu nafungua kifungo, zipu, kamba ya kiatu, mkanda, mlango, chupa ya dawa, hata nati. Huku nasikia untie, undo, unfasten, loosen. Nani anielekeze lipi linakaa wapi?

MwalimuMstaafu
Pole mwanangu. Tazama kwanza kitu kilichofunga, maana kitenzi mara nyingi kinatokana na jina lake. Kifungo ni button, kukifungua ni unbutton. Zipu, unzip. Mkanda wenye chuma chake, unbuckle. Kulabu za sidiria, unhook. Kufuli, unlock. Untie inataka kitu kilichofungwa fundo: kamba ya kiatu, aproni, mzigo. Unfasten ni pana kidogo na ina urasmi, ndiyo utakayoisikia kwenye ndege wakizungumzia mikanda.

"Open" iachie vitu vyenye ndani yake: mlango, sanduku, chupa, mdomo, macho. Kifungo hakina ndani, ndiyo maana mzee hakukuelewa.

Nimefundisha miaka 31, na kilichowakwamisha wanafunzi wangu ni ile un-. Waliijua kwenye unhappy, kwa hiyo waliichukulia kuwa ni "si". Nikawaandikia ubaoni: kunja, kunjua, ziba, zibua, chomeka, chomoa, fuma, fumua. Ile -ua yetu inarudisha nyuma kilichokwisha kutendwa, na un- ya vitenzi kama hivi inafanya kazi hiyohiyo, ila wenzetu wameiweka mbele, sisi nyuma. Darasa zima lilielewa siku hiyo.

Ukikwama kabisa, sema undo. Inabeba kifungo, zipu, fundo na mkanda.

FundiSpana
Dada, mwalimu amemaliza, ila loosen naomba niiseme mimi maana ndiyo kazi yangu. Loosen ni kulegeza, si kufungua. Ukibadilisha tairi, nati unazilegeza gari likiwa bado chini, nusu mzunguko hivi, kwa sababu ukishapiga jeki tairi linazunguka pamoja na spana. Hapo ume-loosen. Gari likishanyanyuka ndipo unazifungua mpaka zitoke. Hiyo sasa ni undo, au unscrew.

Kwako wewe hili ni zito kuliko kwangu. Mzee akikaa kwenye kiti cha magurudumu na mkanda unambana tumbo, mwambie mwenzako loosen. Mkanda unabaki umefungwa, ila anapumua. Ukisema undo, atauachia wote, na mzee anaweza kuteleza akaanguka.

BintiPangani
Shikamoo mwalimu, na asante sana kaka fundi. Hilo la kiti nimelinukuu kwenye daftari langu la zamu.

Nina swali jingine. Kuna bibi mmoja huku husema "unloosen". Kwa hesabu ya mwalimu, si itakuwa kukaza?

MwalimuMstaafu
Marahaba mwanangu. Hapana, maana yake ni kulegeza au kufungua vilevile. Hapo un- haigeuzi chochote, inatia mkazo tu, na ni ya zamani. Biblia ya King James ya 1611, Marko 1:7, inatumia "unloose" pale Yohana anaposema hastahili kuinama na kugusa viatu vya anayekuja. Biblia yetu ya Union imeweka "kuilegeza gidamu". Mimi neno gidamu nalipenda sana, ni ule ukanda wa kiatu cha wazi, na siku hizi silisikii isipokuwa kanisani. Basi bibi huyo muelewe, ila wewe tumia loosen. Na itamke kwa s, lu-sen. Ukitia z utaangukia kwenye lose, kupoteza.

BintiPangani
Leo nilikuwa zamu ya asubuhi. Nimekaa usawa wake, nikamwambia, "I'm going to undo your top button now." Akainua kidevu mwenyewe ili nipate nafasi. Vifungo vitano, kimoja kimoja, namtajia, na mikono yake ilikaa mapajani muda wote.

Viatu vyake sasa. Havina kamba, ni vya kubandika, vya Velcro. Hapo nasema nini?

FundiSpana
Undo hiyohiyo, dada. Ila mtajie kabla hujavuta, ule mlio wa kubanduka unamshtua mtu asiyeona.