Magari ya wafanyakazi wa nje ya jiji yanajaza mitaa ya makazi: pendekezo lianzie wapi?

MkaziKati
Wakuu, salaam. Kamati ya mtaa inaandaa pendekezo la kupeleka halmashauri. Mtaa uko dakika saba kwa miguu kutoka maofisini, na kuanzia saa moja asubuhi pembeni mwa barabara pote panajaa magari ya watu wanaoishi nje ya jiji. Jioni barabara zilezile zinageuka njia za panya za kukwepa foleni ya barabara kuu. Wakazi wengi wanataka asiye mkazi asiingie kabisa. Wenye magari nao wanajibu kwamba barabara ni ya umma na kwamba wao ndio wanaoendesha hospitali na maduka ya jiji. Naomba mambo ya utendaji: tupime nini, zuio liwe la saa ngapi, na nini huangusha mipango ya aina hii?

mpimakingo
Anzeni na hesabu kabla ya kuandika neno lolote la lawama. Chagueni siku ya katikati ya wiki isiyo ya likizo ya shule. Watu wawili wapite mtaa mzima kwa mzunguko uleule saa kumi na moja alfajiri, saa tatu na saa tano asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Kila mara waandike herufi au tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari na upande lilikosimama. Hizo zinatosha kulifuatilia gari bila kumtambua mwenyewe. Lililoonekana alfajiri na usiku lichukulieni kuwa la mkazi. Lililokuwepo saa tatu asubuhi na saa nane mchana, lakini si alfajiri wala usiku, karibu hakika ni la mfanyakazi. Lililoonekana mara moja tu ni la mgeni au mteja.

Kisha nafasi. Pimeni urefu wa ukingo kwa mita, toeni mageti, vivuko na mita 5 kutoka kila kona, kinachobaki mgawanye kwa 6 (mita za gari moja) mpate idadi ya nafasi. Profesa Donald Shoup, mtafiti wa maegesho wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba maegesho ya barabarani yanafanya kazi vizuri yakijaa kama asilimia 85, yaani kila kipande cha mtaa kikibaki na nafasi moja au mbili wazi. Ikizidi hapo madereva wanaanza kuzunguka, na sehemu ya msongamano mnaoulalamikia ni magari yanayotafuta tu pa kusimama.

Itazameni kwa makini hesabu ya alfajiri. Kama mtaa umeshajaa asilimia 95 kabla gari la kwanza la nje halijafika, tatizo ni magari ya wakazi wenyewe, na stika za kibali cha kuegesha kwa wakazi hazitaongeza hata nafasi moja. Ukweli huu usemwe kwenye mkutano wa kwanza, vinginevyo mtaufikia baadaye mkiwa mmeshagombana na nusu ya jiji bure.

Saa za zuio: hamhitaji kufunga siku nzima. Mitaa mingi ya London iliyo karibu na stesheni za treni ina zuio la saa moja au mbili tu kwa siku, tuseme saa nne hadi saa tano asubuhi. Mfanyakazi hawezi kutoka kazini kuja kuhamisha gari, kwa hiyo haegeshi kabisa, ilhali fundi na mgeni wa mchana wanabaki huru. Mitaa miwili jirani ikipangiwa saa zinazofuatana, mkaguzi mmoja anaimaliza yote. Kama kuna wafanyakazi wa zamu, ongezeni kipindi cha pili cha zuio mchana.

Mpaka nao unahitaji akili. Eneo likiwa kubwa mno, mkazi wa pembeni atatumia stika yake kuendesha hadi katikati na kuegesha huko. Likiwa dogo mno, magari yanahamia mtaa wa pili. Watu hutembea mita 500 bila shida ili wasilipe, kwa hiyo hesabuni hadi umbali huo na mweke tarehe ya kupitia upya baada ya miezi sita.

AbiriaWaAsubuhi
Nakubaliana na vipimo, ila msiliandike pendekezo kama kesi dhidi ya watu wa nje. Mwenye zamu inayoisha baada ya basi la mwisho, au anayemshusha mtoto shule njiani, hana njia nyingine leo. Mwenye ofisi ya saa mbili hadi saa kumi na treni mlangoni anayo. Zuio moja linawapiga wote wawili, na kelele zote mtazisikia kutoka kwa yule wa kwanza.

Stockholm, Sweden, iliongeza karibu mabasi 200 kuanzia Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya majaribio ya tozo ya msongamano (ada ya gari kuingia au kutoka katikati ya jiji) kuanza Januari 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Hata hivyo, majaribio yalipokwisha, kwenye kura ya Septemba 2006 ya kuamua kama tozo iendelee, wakazi wa jiji walikubali, na manispaa jirani zilizopiga kura zao kwa jumla zikakataa. Tozo ilirudi Agosti 2007, na serikali ikaelekeza mapato kwenye barabara za mkoa, jambo lililowapa watu wa nje sababu ya kuivumilia. Mfano mwingine wa huko: kisiwa cha Lidingö kilikuwa hakina njia ya gari isipokuwa kupitia eneo la tozo, kwa hiyo gari la huko likilikatiza ndani ya dakika 30 halitozwi. Tafuteni nani kwenu yuko katika hali hiyo.

Mkipendekeza kiwanja cha kuacha gari na kupanda basi, kiwe kabla ya pale foleni inapoanzia, na basi liwe na njia yake. Basi likikaa kwenye foleni ileile, hakuna atakayeacha gari. Pia nauli ipangwe kwa gari zima, kwa sababu watu watatu wakilipa mmoja mmoja, kuegesha mjini kunakuwa nafuu.

njiapanda
Nijibu suala la njia za panya. Mji wa Leonia, New Jersey, uliwafungia wasio wakazi mitaa yake mingi mwanzoni mwa 2018, baada ya programu za ramani kuwaelekeza madereva huko. Mwaka huohuo mahakama ikaitengua amri hiyo. Ghent, Ubelgiji, iliipanga tofauti Aprili 2017: eneo linalozunguka katikati liligawanywa sehemu sita, na gari haliwezi kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kurudi kwenye barabara ya mzunguko. Mkazi naye anazunguka. Hakuna anayeulizwa anaishi wapi, na njia ya mkato imekufa.

Kwa mtaa mmoja, nguzo katikati ya barabara zinatosha. Acheni mita 1.5 kati ya nguzo ili baiskeli na viti vya magurudumu vipite. Nguzo ya kati iwe ya kufunguliwa kwa ufunguo wa zimamoto, na ikitolewa pabaki upana wa mita 3.7. Hakikisheni gari la taka lina pa kugeuzia kila upande. Zibeni mitaa yote sambamba siku moja, kwa maana mkiziba mmoja mmoja, kila mtaa utarithi magari ya mwenzake na majirani watakosana. Matuta peke yake hupunguza mwendo tu. Kama njia ya mkato bado ni fupi, madereva wataendelea kuitumia.

MkaziKati
Asanteni sana. Je, wagonjwa wanaohudumiwa nyumbani? Na mapato yaende wapi?

mpimakingo
Wahudumu wapewe kibali kinachofungwa kwa nyumba ya mgonjwa, si kwa namba ya gari, maana hubadilishana zamu. Kuhusu mapato, Old Pasadena, California, iliweka mashine za kulipia maegesho mwaka 1993 kwa ahadi kwamba fedha zitabaki hapohapo kwenye njia za miguu na taa, na wenye maduka waliokuwa wakipinga wakakubali. Ombeni ahadi hiyo iandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe. Na mkazi alipie stika pia, gari la pili kwa bei ya juu zaidi, ili hoja ya upendeleo ikose pa kushika.