Nipunguziwe vipi bei ya pikipiki mpya? Naombeni ushauri

Mtu wa Kisauni: Assalamu alaikum wenzangu. Nataka Boxer 150 mpya, duka moja la Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Bei ya taslimu wanasema shilingi 185,000. Nikitaja 175,000 muuzaji anatikisa kichwa tu. Kila nikitoka feri napitia pale, maneno ni yale yale. Nifanyeje wapunguze? Usingizi sipati.

Bi Tudor: Waalaikum salaam. Pitia maduka matatu, bei upewe kwa maandishi, kisha urudi kwao. Nenda mwisho wa mwezi, wanapotafuta kufikisha hesabu. Na uulize kama usajili, namba pleti na bima vimo ndani. Hiyo elfu kumi unayoililia yaweza kuishia hapo.

Fundi Nati: Kaka, bei si kitu. Adui wa huku Pwani ni chumvi. Yangu ya kwanza ililala nje Bamburi, naiosha kwa maji ya kisima, spoku zikaota kutu hadi zinakatika mkononi. Osha kwa maji ya mfereji, mnyororo usikauke mafuta.

Nahodha: Walipa taslimu au mkopo?

Mtu wa Kisauni: Mimi nimeuliza bei tu.

Bi Tudor: Ndiyo bei yenyewe hiyo. Mwenye taslimu anaweza kuwapa mgongo akaondoka. Sema, mwanangu.

Mtu wa Kisauni: Haya, ni mkopo. Arubuni 30,000, halafu 450 kila siku kwa miezi 18. Arubuni nishatoa. Lakini nielewe, mama: sasa naendesha ya mtu, tajiri nampelekea 400 kila jioni na sibaki na kitu. Hii mwishowe itakuwa yangu.

Nahodha: Miezi 18 ni kama siku 547. Mara 450 ni 246,150, weka na arubuni: 276,150. Wagombania elfu kumi na ushaongeza zaidi ya elfu tisini.

Ustadh Mikindani: Na hiyo ziada ni riba, ndugu yangu. Zipo benki za murabaha: wananunua wao, wanakuuzia kwa bei moja isiyopanda. Kabla ya arubuni ungeuliza.

Changamwe Moja: Jamani, hamuoni? Mtu wa Kisauni feri ya Likoni anafuata nini? Kisauni kwenda mjini ni daraja la Nyali! Huyu ni muuzaji, ngojeni aweke namba ya simu ya duka.

Nahodha: Kweli, hapo hata mimi nimeshtuka.

Mtu wa Kisauni: Nalala Kisauni, steji yangu ya bodaboda iko Likoni, ng'ambo ya feri. Navuka alfajiri, narudi usiku. Ningekuwa muuzaji ningewaambia nimelipa arubuni na bado nahangaika?

Changamwe Moja: Hadithi hata mimi naweza kutunga.

Bi Tudor: Wacheni kwanza. Mwanangu, stakabadhi yako imeandikwa nini?

Mtu wa Kisauni: Jina langu, 30,000, "Boxer", na chini "arubuni hairudishwi".

Bi Tudor: Namba ya chesisi?

Mtu wa Kisauni: Haipo.

Fundi Nati: Rudi leo kabla hawajafunga. Waandike namba ya chesisi na ya injini, uzisome mwenyewe kwenye chuma. Bei ya mkopo hawatashusha tena, lakini kofia mbili na reflekta mbili zinazotakiwa na NTSA, wale wa usalama barabarani, wadai bure, na sevisi ya kwanza juu yao.