Sindano za Kichina kwa joto la kukoma hedhi: kuna aliyepata nafuu?

Mwalimu wa Zamu
Habari za usiku wapendwa. Naandika saa tisa kasoro, usingizi umenikimbia tena. Nina miaka 51, nafundisha shule ya msingi hapa Dar. Siku zangu zilikatika kabisa mwaka juzi, na tangu hapo mwili huu nauona kama si wangu. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, natota jasho, halafu natetemeka kwa baridi. Mchana mara saba au nane. Usiku nimeacha kuhesabu. Nalala na khanga tatu kando ya kitanda.

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kujumlisha sehemu, darasa la tano. Katikati ya hesabu joto likapanda na kigawe kidogo cha shirika kikanipotea kichwani. Nimefundisha somo hilo miaka 24. Watoto walinyamaza wakinitazama. Nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Nimesikia habari za sindano za Kichina na mitishamba yao. Aliyewahi kutumia kwa tatizo hili anieleze: zinasaidia? Zinauma? Inachukua muda gani kuona tofauti? Tafadhali msiniambie niende hospitali, nimeshaenda.

Goti Bovu
Pole sana mwalimu. Mimi mwanaume, ila sindano hizo nazifahamu, nilichomwa kwa ajili ya goti. Hazifanani na sindano ya nesi. Ni nyembamba kama unywele, ya kwanza hata sikujua imeingia. Ikifika mahali pake unahisi uzito, kama ganzi inayotembea. Mara sita nikaona nafuu kubwa, nikajiona kijana, Jumapili nikaingia bonanza la mtaa dhidi ya wauza samaki. Dakika ya kumi na mbili nikatolewa nimebebwa. Kwa hiyo siwezi kusema zilishindwa. Sikuzipa nafasi.

Mama Wanne
Dada, umenirudisha mbali. Mimi ilinianza na miaka 47. Mume wangu alinipeleka kupima kifua kikuu, maana jasho la usiku kwetu watu wote wanalijua kwa jina hilo. Makohozi safi. Nikapima ukimwi mara mbili, mara ya pili kwa siri nikiwa nimeshaanza kumtazama mwenzangu kwa jicho baya. Safi. Mwaka mzima hakuna aliyenitamkia neno "kukoma hedhi", hadi dada yangu mkubwa aliponiona napepea uso kwa mfuniko wa sufuria kwenye msiba, akanivuta pembeni.

Kilichonisaidia ni uwatu, naloweka usiku nakunywa asubuhi. Na mboga za majani kwa wingi, saga mchicha na matembele ukamue juisi.

Ndugu Katika Imani
Bibi zetu walifika umri huo bila sindano za Kichina wala juisi. Ni hatua aliyoiweka Mungu. Siku hizi kila badiliko la mwili limekuwa ugonjwa wa kukimbizana nao mjini. Mshukuru Mungu kwa kukufikisha, funga, omba, utulivu utakuja.

Mama Wanne
Kaka yangu, hao bibi walikuambia wewe? Bibi mzaa mama kule Korogwe alihamia kulala barazani, sisi watoto tukaambiwa analinda mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakuwa naye hata mmoja. Mwombee mwalimu, ila usimwambie haumwi.

Msuka Mikeka
Hapa Unguja madaktari wa Kichina si wageni, wanaletwa na serikali tangu miaka ya 1960, wengi kutoka jimbo la Jiangsu. Mie nilichomwa sindano kwa kipandauso na nikapata nafuu, Alhamdulillah. Lakini wale wako ndani ya hospitali, faili langu wanalo. Hao unaowafikiria huko Dar, umehakikisha wamesajiliwa? Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, uliza.

Mwalimu wa Zamu
Wamesajiliwa dada, cheti nimekiona ukutani.

Pwani Kabisa
Umekiona ukutani? Basi ushakwenda. Salamu kutoka Mombasa, hebu tuambie ukweli, mama.

Mwalimu wa Zamu
Nimekwenda mara nne. Sikutaka kusema mapema kwa sababu najua watu wangesema nimetupa pesa. Nimelipia mara kumi na mbili kwa mkupuo, shilingi 360,000, nimekopa kwenye kikoba. Nilitaka kusikia kwa wengine kwamba sikukosea.

Nisikilizeni lakini. Hospitali nilikaa benchi saa nne, nikaonwa dakika tano, nikaambiwa "ni umri, mama". Pale kliniki yule daktari alinitazama ulimi, akashika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, wa kulia na wa kushoto, akauliza nalala saa ngapi, nakula nini, joto linaanzia wapi. Kijana anamtafsiria. Akasema kwa hesabu zao figo imepungukiwa na yin, yaani maji ya kupoza moto yamekauka, ndiyo maana moto unapanda juu. Ananichoma juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, vidole vinne kutoka kwenye mfupa, na sehemu nyingine. Nalala pale nusu saa, na nalala kweli. Tangu mwaka juzi hakuna mtu aliyeniuliza joto linaanzia wapi.

Soma Kwanza
Mwalimu, hujatupa pesa moja kwa moja, ila jua ulichonunua. Mwaka 2016 yalitoka majibu ya tafiti mbili. Ya North Carolina, Marekani, wanawake 209: waliochomwa, hadi mara 20 ndani ya miezi sita, joto lao lilipungua kwa asilimia 36.7, na waliosubiri bila kuchomwa hawakupata nafuu. Unaposoma hiyo unashangilia. Ya pili ni ya Australia, wanawake 327, mara 10 kwa wiki nane. Nusu walichomwa kweli, nusu waliwekewa sindano butu isiyoingia kwenye ngozi bila wao kujua. Makundi yote mawili joto lilipungua kwa karibu asilimia 40. Sawasawa.

Mimi naielewa hivi: nafuu ipo, ila inaelekea haitoki kwenye ncha ya sindano. Inatoka kwenye kulazwa, kuguswa na kusikilizwa.

Mwalimu wa Zamu
Basi mimi nachukua hiyo nafuu hata kama ni ya sindano butu. Wewe unayelala usiku ndiye unayeweza kuuliza imetoka wapi.

Mfamasia Mtaani
Shikamoo mwalimu. Sindano tuziache kidogo, hazinitishi sana. Pale juu uliandika "mitishamba yao". Je, unakunywa? Pili, ni dawa gani nyingine unatumia? Tatu, kwa umri wako na hali hiyo, kwa nini hospitali hawakukupa homoni? Hawawezi kukutazama tu bila sababu.

Mwalimu wa Zamu
Marahaba. Nakunywa unga, kifuko asubuhi na kifuko jioni, siku ya 17 leo. Ni majani na mizizi tu, hakuna kemikali. Dawa nyingine ni za kawaida tu za hospitali.

Mfamasia Mtaani
Mwanafunzi akikujibu "za kawaida tu" unampa maksi ngapi? Niandikie jina lililoko kwenye pakiti, tafadhali.

Mwalimu wa Zamu
Warfarini, ile ya kuzuia damu isigande, miligramu 5, jioni.

Mwezi wa kumi mwaka jana mguu wa kushoto ulivimba, wakasema damu imeganda kwenye mshipa. Ndiyo maana homoni walikataa. Nilijua nikiandika hapa mwanzoni mngenikataza wote, na mimi nimechoka kukatazwa. Kliniki sikuwaambia, niliogopa wangenirudisha. Hospitali nako sijasema habari za unga, nesi wa pale ana maneno makali. Hata kadi ya kupima damu nimepitisha tarehe, ilikuwa siku ya kliniki ya sindano.

Mfamasia Mtaani
Asante kwa kusema. Sasa vifuko vimeandikwaje?

Mwalimu wa Zamu
Maandishi ya Kichina, na chini herufi zetu: Shu Di Huang, Shan Yao, Zhi Mu, Huang Bo, Dang Gui. Mwisho umefutika.

Mfamasia Mtaani
Mwalimu, usinywe kifuko cha usiku huu. Huo wa tano, dang gui, ni mzizi unaojulikana kuongeza nguvu ya warfarini. Damu yako inakuwa nyepesi kupita kiasi na wewe huoni kitu, mpaka itoke mahali. Umeona fizi zikitoa damu? Michubuko bila kujigonga? Choo cheusi? Mkojo mwekundu?

Na kuhusu "majani tu": warfarini yenyewe asili yake ni majani. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula klova, jani la malisho, iliyooza, wanasayansi wakafuatilia kitu kilichokuwa mle, ndiko dawa hii ilikotoka. Jani linaweza kukuponya na linaweza kukuua, ndiyo maana lazima anayekutibu ajue umekunywa yapi.

Mama Wanne, samahani, na ile juisi ya matembele asiianze ghafla. Mboga za kijani zinavuta upande wa pili, zinaipunguza nguvu dawa hiyo hiyo. Ale kiasi alichozoea.

Mwalimu wa Zamu
Fizi, ndiyo. Nilidhani mswaki mpya ni mgumu.

Jicho la Tatu
Wakuu mnachezewa. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Anaanza na machozi ya darasa la tano, anatoa habari kijiko kwa kijiko, kila mkichoka anaongeza: mara kikoba, mara warfarini, sasa fizi. Hii imepangwa. Ama ni tangazo la hiyo kliniki, ama ni mtu anajifunza kutunga hadithi.

Pwani Kabisa
Tangazo gani hilo linalosema njooni kwetu mtoke damu kwenye fizi?

Jicho la Tatu
Basi ni washindani wa hiyo kliniki. Au huyo mfamasia ana akaunti mbili, anajiuliza na kujijibu.

Goti Bovu
Nakubaliana kidogo na Jicho. Mnamkumbuka yule wa mapacha waliozaliwa njiti? Tulichanga humu, mimi nilituma elfu ishirini ya mbao za mteja. Picha za watoto zilikuwa za intaneti. Tangu siku hiyo nikisoma shida ya mtu, moyo unakaza kwanza.

Mama Wanne
Mwalimu hajaomba hata mia. Na hakuna mtunzi anayejua kwamba khanga zinakuwa tatu. Mimi nilikuwa nazo tatu.

Jicho la Tatu
Khanga si ushahidi, mama. Aweke picha ya kadi ya kliniki.

Mfamasia Mtaani
Asiweke. Kadi ina jina lake na namba zake. Na kama ni hadithi, niliyoyaandika yanabaki kweli, kuna mwenye kifuko hicho mkononi sasa hivi anasoma bila kujiandikisha. Kama ni kweli, huyu mama anahitaji kupimwa INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, kesho asubuhi, na sisi tunabishana habari za akaunti. Mwalimu, upo?

Msuka Mikeka
Mwalimu, jibu japo neno moja.

Mfamasia Mtaani
Siku ya pili leo. Mwalimu?

Mwalimu wa Zamu
Nipo. Nilisoma maneno ya Jicho la Tatu usiku ule nikafunga simu. Iliniuma. Nimeficha jambo moja kwa watu watatu tofauti, na siku niliyolisema naambiwa mwongo.

Asubuhi nilikwenda, na vifuko mkobani. INR ilikuwa 5.6. Wanataka ikae kati ya 2 na 3. Daktari, wa kike safari hii, alisimamisha warfarini siku mbili, nikapimwa tena leo: 3.4. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hakunigombeza. Alisoma vifuko vyote, akaandika majina kwenye faili. Akaniambia ungetueleza kwamba usiku hulali tungetafuta kitu kisicho homoni, akaniandikia gabapentini ya kumeza wakati wa kulala. Kuhusu sindano alisema kipimo kikishatulia anaweza kuandika barua, ila unga hapana.

Nikapita kliniki nikawaambia habari za warfarini. Yule daktari wa Kichina aliposikia tafsiri alishika kichwa. Alivichukua vifuko vyote vilivyobaki, akachora alama nyekundu kwenye kadi yangu, akakataa kunichoma mpaka aione hiyo barua. Kijana akasema, "Swali la dawa lilikuwa kwenye fomu siku ya kwanza, mama." Kweli lilikuwepo. Niliacha wazi.

Pesa hawarudishi. Zimebaki mara nane.

Goti Bovu
Mwalimu, hizo nane barua ikichelewa, goti langu lipo.

Jicho la Tatu
Mwalimu, nisamehe. Mama yangu alitapeliwa na mganga kwa hadithi inayofanana na yako, nikamtafuta mwizi mahali asipokuwepo. Nakuombea usingizi.

Mwalimu wa Zamu
Nimekusamehe. Jana niliamka mara mbili tu. Ni siku moja, siisifii bado.

Mama Wanne
Mfamasia, samahani, na mimi nisaidie. Ule uwatu naloweka kila usiku, na nina dawa ya presha nameza asubuhi, na nyingine ndogo ndogo za kawaida tu.

Mfamasia Mtaani
Zipi, mama? Niandikie majina kama yalivyo kwenye pakiti.